MTO UNAPOPITA KATIKA ARDHI YA MTU: MPAKA WA HAKI UKO WAPI?

Kati ya Machi 2022 na Juni 2023 mahakama za juu za majimbo matatu ya magharibi mwa Marekani ziliulizwa swali moja, na kila moja ikatoa jibu lake. Swali lenyewe ni hili: mwananchi mwenye leseni ya kuvua samaki akiingia mtoni kwa njia ya halali, kisha akafuata maji mpaka ndani ya shamba la mtu binafsi, je, ana haki ya kusimama juu ya sakafu ya mto ule na kuvua? Mahakama ya New Mexico ilisema anayo. Mahakama ya Utah ilisema kwamba wale waliodai haki hiyo hawakuithibitisha. Mahakama ya Colorado haikulijibu kabisa, kwa hoja kwamba mvuvi aliyelileta hakuwa na haki ya kufungua kesi ya namna hiyo.

Majimbo hayo ni majirani, na mito yao mikubwa huteremka kutoka katika milima ile ile ya Rocky. Samaki ni wa aina moja, sheria za kale zilizorithiwa ni zile zile, na bendera ya taifa ni moja. Hata hivyo mtu anayefanya jambo la halali asubuhi katika jimbo moja aweza kuwa mkosaji jioni katika jimbo la pili kwa kufanya jambo lile lile.

Huenda msomaji aliyevaa sare akauliza mambo hayo ya mbali yanamhusu nini. Jibu ni kwamba magomvi haya hayaanzi mahakamani. Huanza ukingoni mwa mto, na mtu wa kwanza kuitwa ni askari. Hakimu anayo miezi, pengine miaka, ya kupima maneno ya pande mbili; askari anazo dakika chache, na mbele yake wamesimama watu wawili wenye hasira, kila mmoja akiwa na karatasi yake. Mvuvi ana leseni, na mwenye shamba ana hati ya ardhi. Mara nyingi karatasi zote mbili ni halali.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba haki ya umma na haki ya mwenye ardhi zaweza kukaa pamoja katika mto mmoja bila kuangamizana. Lakini lipo sharti moja: mpaka baina ya haki hizo uwe ni mpaka unaoonekana kwa macho ya mtu aliyesimama pale pale mtoni.

MAJI NI YA NANI, NA ARDHI NI YA NANI?

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Mto una maji yanayotembea, na chini ya maji una ardhi isiyotembea. Maji ya leo kesho yatakuwa katika wilaya nyingine. Sakafu ya mto inabaki mahali pake. Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba ardhi ni ya fulani, lakini ni vigumu kusema kwamba maji yapitayo juu yake ni yake peke yake.

Warumi walilitambua jambo hilo zamani. Katika vitabu vya sheria vilivyotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533, mito ilihesabiwa kuwa mali ya umma, na haki ya kuvua ndani yake ikawa ya watu wote. Waingereza nao walikuja na kanuni yao: mito inayofikiwa na maji ya bahari yanapojaa na kupwa ni ya umma kwa uvuvi, lakini katika mito ya bara mwenye ardhi ya ukingoni anamiliki sakafu mpaka katikati ya mto. Mwenye kingo zote mbili basi ana sakafu yote, na pamoja nayo haki ya kuvua.

Marekani ilipopata uhuru ilirithi sheria ya Waingereza, lakini jiografia yake ilikuwa nyingine. Mito kama Mississippi na Missouri inaingia bara kwa mamia na maelfu ya maili, mahali ambapo bahari haisikiki kamwe. Kwa hiyo Wamarekani waliiacha kanuni ya maji ya bahari, wakaweka kipimo cha usafiri: mto unaoweza kupitiwa na vyombo vya biashara, sakafu yake ni ya jimbo, mto usioweza, sakafu yake yaweza kumilikiwa na mtu binafsi. Kipimo hicho hutazama hali ya mto siku ile jimbo lilipoingia katika Muungano, wala si hali yake ya leo. Mwaka 1892, katika kesi iliyohusu ufuko wa ziwa mjini Chicago, Mahakama ya Juu ya Marekani iliongeza jambo kubwa: jimbo halimiliki ardhi ya chini ya maji kama mtu anavyomiliki ng'ombe wake, bali linaishika kama amana kwa ajili ya wananchi, na mdhamini hana ruhusa ya kuitoa amana hiyo apendavyo.

Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Mito mikubwa ilikuwa salama. Lakini namna gani vijito na mito ya milimani, ambayo haikupata kubeba meli, lakini ndiyo yenye maji baridi na safi yanayopendwa na samaki wa trauti? Katika karne ya kumi na tisa swali hilo halikuwa na uzito. Ardhi ilikuwa tele, watu walikuwa wachache, na mwenye ng'ombe hakujali mtu wa kijijini akivua samaki wawili watatu kwa ajili ya chakula. Mambo yalibadilika pale matajiri wa mijini walipoanza kununua mashamba ya mifugo kwa sababu ya mto na samaki wake, wala si kwa sababu ya malisho. Mto uliokuwa njia ya kunyweshea ng'ombe ukawa ndio thamani yenyewe ya shamba, na thamani hiyo ilikuwa kubwa zaidi kama watu wengine wangezuiliwa.

MONTANA YACHORA MSTARI

Jimbo la Montana, lililo mpakani na Kanada, ndilo lililolishughulikia jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Katiba yake mpya ya mwaka 1972 ilitamka kwamba maji yote yaliyomo katika mipaka ya jimbo ni mali ya jimbo kwa matumizi ya watu wake. Kwa miaka kadhaa maneno hayo yalikaa katika karatasi bila kupimwa.

Kipimo kilikuja kwa kesi mbili zilizoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Montana mwaka 1984. Ya kwanza ilihusu mto Dearborn, na ya pili mto Beaverhead. Katika kila moja mwenye ardhi alidai kwamba, kwa kuwa sakafu ya mto ni yake, ana haki ya kuwazuia watu wasipite wala wasivue. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba swali la nani anamiliki sakafu halina nafasi katika jambo hili. Maji ni ya jimbo kwa ajili ya watu. Basi maji yoyote yanayofaa kwa matumizi ya starehe, kama uvuvi na kupiga makasia, yaweza kutumiwa hivyo na umma, hata kama mto ule haukupata kupitiwa na chombo cha biashara.

Hukumu hizo ziliwafurahisha wavuvi na kuwatia hofu wenye mashamba. Wengi wao hawakuwa matajiri wa mijini, bali wafugaji ambao babu zao waliishi pale. Waliuliza: kama umma una haki katika mto, je, una haki pia ya kukata katika shamba langu ili kuufikia? Mvuvi akiteleza juu ya jiwe na kuvunjika mguu, nitashtakiwa mimi? Na watu wakipita hapa miaka ishirini, watadai kwamba njia ni yao? Maswali hayo yalikuwa ya haki, na hukumu za mahakama hazikuyajibu yote.

Bunge la jimbo lilikaa mwaka 1985 likatunga sheria ya kuyajibu. Sheria hiyo ni mapatano, na kila upande ulipata kitu na kuacha kitu.

Umma ulipewa haki ya kutumia mito na vijito mpaka kwenye alama ya kawaida ya kujaa maji. Alama hiyo haikuachwa kuwa maneno matupu. Sheria inaieleza kuwa ni mstari ambao maji yenyewe yameuchora juu ya nchi kwa kuifunika kwa muda wa kutosha, hata sehemu ya chini ya mstari ikawa na sura tofauti na sehemu ya juu. Chini ya mstari majani ya nchi kavu hayaoti, na udongo haufai tena kwa kilimo. Juu yake majani yanaota. Uwanda ambao hufurikiwa mara moja moja wakati wa mafuriko hauhesabiwi. Tena mvuvi akikuta kizuizi mtoni, kama vile uzio au bwawa, anaruhusiwa kutoka na kukizunguka, kwa njia isiyoleta usumbufu mkubwa kwa mwenye ardhi.

Mwenye ardhi naye alipewa kinga. Sheria ilisema waziwazi kwamba haimpi mtu yeyote ruhusa ya kupita katika shamba la mtu ili kuufikia mto. Mvuvi lazima aingie mtoni kutoka katika barabara ya umma, daraja, au ardhi ya serikali, ama aombe ruhusa. Matumizi ya starehe, hata yakiendelea miaka mingi namna gani, hayawezi kuzaa haki ya kudumu ya njia. Na mwenye ardhi hawajibiki kwa ajali ya mtu aliyekuja kuvua, isipokuwa kama ameisababisha kwa makusudi au kwa uzembe wa kupindukia.

Mwaka 1987 wenye ardhi waliipeleka sheria hiyo mahakamani. Mahakama iliuacha mstari wa kujaa maji usimame, lakini ilifuta sehemu chache zilizokuwa zimevuka kiasi: ruhusa pana ya kulala usiku kucha kingoni, ruhusa ya kujenga vibanda vya kudumu vya kuwindia bata, na kifungu kilichomtaka mwenye ardhi alipe gharama ya njia ya kuzungukia kizuizi. Mahakama ilieleza kwamba umma una haki ya kutumia maji, na katika kingo unayo haki ya kiasi kile tu kinachohitajiwa kwa kuyatumia maji hayo. Huo ni upanga unaokata pande mbili, nao ulifanya sheria ikubalike.

VITA VYA MADARAJANI

Ugomvi uliozuiliwa mtoni ulihamia barabarani. Kama mvuvi anaruhusiwa kuingia kutoka daraja la umma, basi asiyemtaka atajenga ua mpaka kwenye nguzo za daraja. Ndivyo ilivyotokea. Seng'enge zilifungwa kwenye madaraja, nyingine kwa kweli ili kuzuia ng'ombe wasitoke, nyingine ili kuzuia watu wasiingie. Mwaka 2009 Bunge la Montana lilipitisha sheria ya madaraja: mwenye shamba aweza kufunga ua wake kwenye daraja ili kuzuia mifugo, lakini lazima pawe na nafasi ya mtu kupita.

Kesi iliyovuma zaidi ilihusu mto Ruby, kusini-magharibi mwa jimbo. Mwenye ardhi ndefu kando ya mto huo alikuwa James Cox Kennedy, mwenyekiti wa shirika kubwa la habari lenye makao yake Atlanta. Ubishi ulikuwa juu ya daraja la njia iitwayo Seyler Lane, iliyokuwa ya umma kwa sababu ya kutumiwa muda mrefu, si kwa hati. Januari 2014 Mahakama ya Juu ya Montana iliamua kwamba umma waweza kuitumia njia hiyo kuufikia mto. Kennedy aliitaka pia mahakama iitangue sheria nzima ya mwaka 1985, akidai kwamba imemnyang'anya mali yake bila fidia. Mahakama ilikataa, kwa hoja ambayo yafaa ikumbukwe: mtu hawezi kunyang'anywa kitu ambacho hakuwa nacho. Aliponunua ardhi hakununua haki ya kuwafungia watu maji.

Jambo moja zaidi laonyesha maana ya kushika amana. Agosti 2016 samaki wengi walikufa katika mto Yellowstone kwa ugonjwa wa figo unaoletwa na kimelea. Idara ya samaki na wanyamapori ya Montana iliufunga mto huo, maili 183 pamoja na vijito vyake, kwa uvuvi na starehe zote. Wavuvi wenye leseni walitoka, na waongozaji wa watalii wakapoteza mapato. Serikali inayosema kwamba maji ni ya watu wote ndiyo hiyo hiyo yenye wajibu wa kuwaambia watu wote watoke pale maji yanapohitaji kupumzika. Haki ya umma si ruhusa ya kuharibu.

MAJIRANI WALIOACHA GIZA

Tuyatazame sasa majimbo ambayo hayakuchora mstari, au yaliuchora mahali pasipoonekana.

Katiba ya Colorado ya mwaka 1876 nayo inasema kwamba maji ya mito ni mali ya umma. Lakini mwaka 1979 mahakama yake ya juu, katika kesi ya watu waliopita kwa boti za mpira katika mto Colorado ndani ya ranchi ya watu, ilisema kwamba maneno hayo yanahusu kuchota na kugawa maji tu. Hayampi mtu haki ya kupita juu ya sakafu ya mwenzake. Watu hao walikuwa wameigusa sakafu ya mto, na hatia yao ikathibitishwa. Mwaka 1983 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo alitoa maoni kwamba kuelea bila kugusa chini si jinai. Basi fikiria kazi ya askari huko: mpaka kati ya mtu mwema na mkosaji ni kama kasia lake, nanga yake au unyayo wake umegusa changarawe zilizo chini ya maji yaendayo mbio. Ni nani aliyeona? Ni nani atakayetoa ushahidi?

Matokeo ya giza hilo yalionekana katika mto Arkansas. Mvuvi mmoja mzee alieleza katika hati za kesi kwamba mwaka 2012 alirushiwa mawe akivua, na kwamba baadaye rafiki yake alifyatuliwa risasi mahali hapo. Badala ya kurudi mtoni na kujibu mapigo alikwenda mahakamani mwaka 2018. Alidai kwamba mto huo ulipitika kwa biashara mwaka 1876, na kwa hiyo sakafu ni ya jimbo, si ya mtu. Serikali ya jimbo yenyewe ilimpinga. Juni 2023 mahakama iliamua kwamba, kama sakafu ni mali ya jimbo, ni jimbo lenyewe ndilo lenye kudai, na mtu binafsi hawezi kudai kwa niaba yake. Mdhamini amenyamaza, na mwenye amana haruhusiwi kusema. Swali likabaki pale pale lilipokuwa.

Huko Utah, mwaka 2000, watu wawili walipita katika mto Weber kwa boti ya mpira. Wenye ardhi waliwaamuru watoke, nao wakakataa. Walipofika mwisho wa safari askari wa wilaya aliwaandikia mashtaka. Ilichukua miaka minane mpaka mahakama ya juu ya jimbo, mwaka 2008, kuamua kwamba haki ya umma ya kutumia maji inachukua pamoja nayo haki ya kugusa sakafu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2010, Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuifinya haki hiyo, na mito mingi inayopita katika ardhi za watu ikafungwa kwa wanaotembea majini. Mei 2023 mahakama iliiacha sheria hiyo isimame, kwa sababu wavuvi walishindwa kuonyesha kwamba haki waliyoidai ilikuwako katika sheria za mwaka 1896, jimbo lilipozaliwa.

Lakini katika sehemu moja ya mto ule ule Weber wavuvi walishinda mwaka 2017. Na walishinda kwa nini? Kwa magogo. Ilithibitishwa kwamba katika karne ya kumi na tisa wakata miti waliyaelekeza magogo mtoni ili yapatikane mataruma ya reli. Kwa hiyo sehemu ile ilikuwa njia ya biashara, na sakafu yake ni ya jimbo. Haki ya mvuvi wa leo inategemea magogo yaliyopita zaidi ya miaka 130 iliyopita. Hilo ni jambo la kuwafurahisha wanahistoria. Askari wa zamu hawezi kulisoma juu ya maji.

New Mexico ilikuwa na hukumu nzuri tangu mwaka 1945, iliyosema kwamba maji ni ya umma na umma waweza kuvua ndani yake. Hata hivyo mwaka 2017 tume ya jimbo inayosimamia uwindaji na uvuvi ilitoa kanuni iliyomruhusu mwenye ardhi kuomba cheti cha kufunga kipande cha mto kinachopita kwake. Waliopewa vyeti waliweka mabango na kuwazuia watu. Machi 2022 mahakama ya juu ya jimbo iliifuta kanuni hiyo kwa kauli moja, na hukumu yake ya maandishi ikatoka Septemba mwaka huo. Ilisema kwamba haki ya kuvua ingekuwa mzaha kama mtu haruhusiwi kugusa sakafu ya mto anamovua. Lakini aiguse kwa kiasi cha lazima tu, na asikate katika shamba la mtu kuufikia mto. Jibu hilo linakaribia sana lile la Montana.

KILIO CHA MWENYE ARDHI

Itakuwa si haki kuwafanya wenye ardhi wote kuwa wabaya. Wako waliotumia fedha zao kupanda miti kingoni, kuzuia mmomonyoko na kurudisha samaki mahali walipokuwa wametoweka. Wako wanaoamka asubuhi na kukuta lango limeachwa wazi na ng'ombe wametawanyika barabarani, chupa zimevunjwa, na moto umeachwa ukifuka. Mtu wa namna hiyo akisikia maneno "haki ya umma" anaona takataka ambazo atazizoa yeye peke yake.

Dawa ya malalamiko hayo, hata hivyo, si kuufunga mto. Aliyetupa taka aadhibiwe kwa kutupa taka. Aliyeacha lango wazi alipe hasara. Aliyeuvuka mstari ashtakiwe kwa kuuvuka mstari. Montana ina zaidi ya vituo 300 vya umma vya kuingilia mtoni, na kila kituo kipya hupunguza idadi ya watu wanaotamani kuruka ua. Mwenye ardhi naye anaruhusiwa na sheria ya jimbo hilo kupaka nguzo zake rangi ya chungwa kali, iwe ni ilani kwamba pasiingiwe bila ruhusa. Kwa hiyo mgeni asiyejua kusoma ramani anaona alama mbili: chini, mstari wa maji, juu, nguzo yenye rangi. Akipita kati yake hana kisingizio.

MAANA YAKE KWA WALINDA SHERIA

Hapa ndipo lilipo somo. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika ugomvi wa tajiri na umma, mara nyingi nyasi ni askari. Akimkamata mvuvi asiye na hatia, serikali inapata aibu mahakamani. Akimwacha mkosaji, mwenye shamba atasema polisi wamenunuliwa au wamelala, na siku ya pili atakuja mtoni na bunduki yake mwenyewe. Sheria yenye giza haimwumizi mtunga sheria aliyeko katika jengo la Bunge. Humwumiza yule anayetumwa kuitekeleza.

Sheria ya Montana si kamili. Kesi bado huletwa, na mstari wa kujaa maji hauko wazi kwa kiwango kimoja katika kila kijito. Lakini askari wa jimbo hilo aliyefika ukingoni ana maswali machache, na majibu yake yako pale pale. Mtu huyu aliingia wapi? Amesimama chini ya alama au juu yake? Ana leseni? Hahitaji kujua magogo ya karne ya kumi na tisa, wala kuchunguza kama nanga imegusa jiwe. Akitazama mahali majani yanapoanza, amekwisha kuona mpaka wa kazi yake.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zimekwisha kuchukua hatua ya kwanza, yaani kutamka mto ni wa nani. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 237, inasema kwamba serikali inashika maziwa ya asili, mito na ardhi oevu kama amana kwa ajili ya watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inaweka mito na maziwa katika ardhi ya umma. Kwa upande wa kingo, kanuni za Uganda za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito mingine, zikipimwa kutoka alama ya juu ya kujaa maji. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema mita 60. Kanda hizo ziliwekwa kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, si kwa ajili ya kuwapa wavuvi njia. Lakini nazo zinahitaji kitu kile kile kilichohitajiwa Montana, yaani mtu aweze kuonyesha kwa kidole mahali kipimo kinapoanzia.

Wala kazi hii si ngeni kwa watu wa sare. Mwaka 2017 askari wa jeshi la Uganda walipelekwa katika Ziwa Victoria kupambana na uvuvi haramu. Maji ya nchi huwekwa chini ya ulinzi kwa sababu ni mali ya wengi, na mali ya wengi huharibika upesi isipolindwa. Lakini mlinzi wa amana hulinda pia haki ya mwenye amana kuifikia. Mvuvi mdogo aliyekaa ndani ya sheria, na mwenye shamba aliyekaa ndani ya mipaka yake, wote wawili wanastahili kumwona askari akija bila moyo kudunda.

Mahakama zitaendelea kubishana, na mabunge yatapitisha na kufuta. Katika majimbo ambayo mstari haujachorwa, wito wa kwenda mtoni utaendelea kumfikia askari kila msimu wa uvuvi, naye atakwenda bila kujua ni nani kati ya wale wawili aliyevunja sheria. Kwa hiyo yeyote anayetunga sheria ya mto, awe Colorado au kwingineko, na aanze kwa kuuliza swali la askari: nikisimama pale, nitaonyesha kidole wapi?